Tuma kwa Ile ya Kawaida

Mama wa chapati pale mtaani kwetu aliniuliza swali ambalo bado linanikera. Ilikuwa siku ya tatu tangu nitoe laini yangu kuu kwenye simu. Nilikuwa nimemaliza chapo mbili na madondo, bili ikaja soo, nikamwambia nitamtumia kutoka kwa ule mtandao mwingine. Akaitazama simu yangu vile mtu hutazama noti ya nchi jirani. Ni pesa, sawa, lakini hapa zitamsaidia nani?

"Hiyo ingine mimi siijui, kijana. Huna ile ya kawaida?"

Kitaalamu, ingewezekana. Tangu 2018 pesa za simu zinavuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine nchini Kenya. Lakini yeye hakuwa anajua hilo, na mimi sikuwa na muda wa kumfundisha huku watu watano wakiwa nyuma yangu wanataka chai. Akaniandika kwenye daftari la madeni, kati ya fundi wa pikipiki na jamaa mmoja anayeitwa tu "wa kofia". Nina pesa, ni zangu, ni halali, na bado nimeandikwa deni la chapati.

Ile ya kawaida. Hebu lisikilize neno hilo. Mahali penye ushindani wa kweli hakuna mtandao wa kawaida, kama vile hakuna matatu ya kawaida: kuna hii, kuna ile, unapanda inayokufaa, ikikuboesha unashuka. Sisi tuna kampuni kadhaa zenye leseni, matangazo kila kona na mabango ya rangi zote. Halafu kwa mama wa chapati kuna moja ya kawaida, na zingine ni "hiyo ingine".

Wacha nieleze kwa nini nilitoa laini. Kila asubuhi kwa wiki mbili nilikuwa nakatwa bob kumi za kredo kwa ajili ya "huduma" ambayo sikuwahi kuiomba. Nilipopiga huduma kwa wateja nilichezewa muziki hadi nikaukariri. Kampuni sitaitaja, na usianze kubahatisha, kwa sababu nimeshaliwa kredo namna hiyo kwenye laini zaidi ya moja. Nilikasirika nikaamua: nahama. Si ndivyo tunavyofundishwa kuhusu soko? Muuzaji akikupunja, unaenda kwa jirani yake, naye akikosa wateja wa kutosha anajirekebisha. Hicho ndicho kiboko pekee alicho nacho mtu mdogo mbele ya kampuni kubwa.

Nilidumu siku kumi na moja.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Bando za bei nafuu, kredo inakaa, najiona mjanja. Siku ya tatu ndiyo hiyo ya chapati. Siku ya tano mweka hazina wa chama chetu akanipigia: "Bro, namba yako ni hii kweli, ama umehakiwa?" Siku ya nane nikamtumia mama yangu 500. Ana laini ya pili ya mtandao huo, na kutuma ndani kwa ndani hakukatwi kitu, kwa hivyo nilijiona mwana mwema anayeokoa senti. Jioni akanipigia.

"Mwanangu, hizi pesa nitazitoa wapi? Wakala wa hapa sokoni hana ya hiyo laini."

Ilibidi apande boda hadi mji wa karibu, soo kwenda na soo kurudi. Ningemtumia kwa M-Pesa, kwa viwango vya sasa ningekatwa shilingi 7, naye angekatwa 29 kwa wakala hapo hapo sokoni. Jumla 36. "Bure" yangu ilimgharimu mama mia mbili na mchana mzima.

Siku ya kumi na moja keteka wa ploti alitaka kodi, na mteja wangu mmoja akataka kunilipa. Wote wawili walitaka namba ya kawaida. Usiku nikarudisha laini kimya kimya, kama mtu anayerudi kwa ex bila kuwaambia mabeste. Kesho yake asubuhi nikakatwa bob kumi.

Nikisimulia hii stori kuna wale hunijibu: lakini ushindani upo, nenda Airtel, nenda Telkom, nani amekushika? Hawa huhesabu kampuni. Mimi nasema tuhesabu milango. Soko lenye wauzaji kumi na mlango mmoja wa kutokea ni chumba cha kungojea. Ushindani ni uwezo wa kuondoka na vitu vyako, na kitu ambacho hatuwezi kuondoka nacho ni pesa pamoja na watu walioshikana nazo.

Haikuwa hivi siku zote. Wewe uliyezaliwa baada ya 2000 pengine hujui kuwa tulianza na mbio za watu wawili walioonekana sawa. Mwaka huo Safaricom na KenCell zilifungua biashara. Wa kwanza walikuwa na 0722, wa pili 0733, na hadi leo kuna wazee wanaotamka namba hizo kama wanaotaja shule waliyosomea. KenCell ilitoza kwa dakika nzima, Safaricom ikatoza kwa sekunde. Kwa mtu aliyetaka tu kusema "nimefika salama", tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Safaricom ilimwona mwananchi wa kawaida mapema, na hilo hakuna anayeweza kuwanyang'anya.

Kufikia mwisho wa 2008 kampuni zilikuwa nne. Orange ilikuja kupitia Telkom Kenya, na yu ikaingia. Halafu ukaja 2010, mwaka ambao kila kijana anayeambiwa kwamba "soko litajirekebisha lenyewe" anafaa kuusoma. Kuna ada ambayo mtandao wako hulipa mtandao wa mwenzako kila unapompigia, kwa sababu simu yako inaishia kwake. Ada hiyo ikiwa juu, kampuni ndogo inaumia zaidi, maana simu nyingi za wateja wake zinaishia kwa ile kubwa. Mwaka huo mdhibiti, aliyeitwa Tume ya Mawasiliano wakati huo, aliishusha kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti, Zain ikatangaza simu kwa shilingi 3 kwa dakika, mtandao wowote. Wengine wakalazimika kushuka. Watu waliozoea kuflash wakaanza kuongea hadi simu inachoma sikio.

Zingatia mpangilio wa mambo hapo. Mdhibiti alifungua mlango kwanza, ndipo kampuni ndogo ikapita nao, ndipo kubwa ikafuata. Soko halikujirekebisha lenyewe. Lilisukumwa.

Basi kwa nini mshindi hakubadilika? Bei zilishuka, lakini watu hawakuhama. Mwaka 2011 tukapewa hata haki ya kuhama na namba yetu, yaani unaenda mtandao mwingine na 0722 yako inabaki 0722. Waliotumia haki hiyo walikuwa wachache mno. Walioshangaa hawakuwa wameangalia tarehe: M-Pesa ilikuwa imezinduliwa Machi 2007. Kufikia 2011, namba ya simu ilikuwa imeshageuka akaunti. Uliruhusiwa kuhama na namba, lakini mkoba wa pesa ulibaki nyuma. Ni kama mwenye nyumba kukwambia uko huru kuhama wakati wowote, beba mlango, vyombo vibaki.

Hapo ndipo vita vya simu viliishia, na wengi hawakugundua. Waliendelea kubishana kuhusu bei ya dakika wakati mchezo ulikuwa umehamia uwanja mwingine. Leo Safaricom ina takriban thuluthi mbili za laini za simu nchini. Lakini ukiangalia pesa za simu, M-Pesa inashika kama tisa kati ya kila kumi. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo habari yenyewe. Kwenye kuongea, bado kuna mechi. Kwenye pesa, ni timu moja inafanya mazoezi.

Sitawatetea washindani. Ile kampuni ya pili imekuwa KenCell, ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Majina manne ndani ya miaka kumi! Kila tukizoea wimbo wa tangazo, rangi inabadilishwa. Nani ataacha akiba yake kwa mtu anayebadilisha jina kila baada ya miaka michache? Orange iliuzwa, ikarudi kuwa Telkom mwaka 2017. Mwaka 2019 Telkom na Airtel zikatangaza kuungana ili angalau wawe wawili wenye nguvu, na 2020 mpango ukafa. Yu haikufika popote: mwaka 2014 iligawanywa kama urithi, wateja wakaenda Airtel na mitambo ikaenda Safaricom. Ukikaa na hilo utaona jambo. Hata mshindani alipokufa, aliyekuwa mbele alipata vyombo vyake.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nalisikia kila nikigusa mada hii kwa baze: "Wacha wivu. Safaricom ni yetu. Walijenga, wakatoka jasho, sasa mnataka wapewe wavivu?"

Sitaki wapewe wavivu. M-Pesa ni kitu kikubwa. Mtu ambaye hakuwahi kukumbuka noti zilizotumwa nyumbani ndani ya bahasha kwa kondakta wa basi hawezi kuelewa jinsi ilivyobadilisha nchi hii. Sitaki ivunjwe, na sitaki anayejenga vizuri aadhibiwe. Nataka tu anayejenga vizuri aendelee kuwa na sababu ya kujenga vizuri. Na kwa hilo, historia yetu yenyewe ndiyo shahidi. Hesabu mara ambazo mambo yalikuwa mazuri kwetu, uangalie nani alisukuma.

Mawakala wa M-Pesa walikuwa wamefungwa kutohudumia mtandao mwingine hadi 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia kati. Pesa kuvuka mitandao kulikuja 2018, baada ya miaka ya mashinikizo, wakati majirani zetu Tanzania walikuwa wameanza 2014. Bando zisizoisha muda zilikuja 2019, mwaka ambao suala la bando kuisha lilikuwa limefikishwa mbele ya jopo la rufaa la mawasiliano. Mwaka 2020 wakati wa korona, kutuma chini ya 1,000 kulikuwa bure tangu Machi hadi Desemba, na mfumo haukuanguka.

Na kama unataka mfano wa juzi, angalia intaneti ya nyumbani. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Mwaka uliofuata Safaricom ilimwandikia mdhibiti barua, ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea bali zishirikiane na kampuni zilizopo hapa. Septemba 2024 Safaricom iyo hiyo ikaongeza kasi ya faiba bila kupandisha bei: aliyekuwa analipa 2,999 kwa kasi ya 10 akapata 15, na wa kifurushi cha 100 akapata 500. Jiulize hiyo kasi ilikuwa imelala wapi. Nyaya zilikuwa zile zile, na mteja alikuwa yule yule analalamika kila wiki. Kilichobadilika ni kwamba mteja alipata mahali pengine pa kwenda.

Hapo ndipo kila mtu anafaa kuelewa kwa nini naandika haya badala ya kulalamika tu kwa baze. Kila unapoweza kuondoka, unahudumiwa vizuri hata ukibaki. Anayenufaika na mlango wazi si mimi ninayehama peke yangu. Hata yule shabiki wa kufa kupona wa kijani, ambaye hatahama kamwe, anapata kasi ya 500 kwa sababu jirani yake angeweza kuhama.

Sasa, nani anashika ufunguo? Hapa ndipo utachoka. Simu ni za Mamlaka ya Mawasiliano. Ushindani ni wa Mamlaka ya Ushindani. Pesa ni za Benki Kuu. Ukiuliza kuhusu mkoba wa pesa unaokaa ndani ya simu na kuua ushindani, umegusa ofisi tatu, na kila moja inaweza kukuelekeza kwa nyingine. Washauri wa Analysys Mason waliagizwa na Mamlaka ya Mawasiliano kuchunguza utawala wa soko, rasimu ikavuja 2017, kelele zikapigwa bungeni na kwenye magazeti, kisha polepole mambo yakapoa. Mwishoni mwa 2021 Mamlaka hiyo iliamua kushusha ile ada ya muunganisho kutoka senti 99 hadi 12. Safaricom ikapinga mbele ya jopo. Tukaishia senti 58 mwaka 2022, na 41 mwaka 2024. Linganisha na 2010, wakati ada ilikatwa nusu kwa mpigo na nchi nzima ikahisi mwezi uliofuata.

Usisahau refa mwenyewe yuko upande gani. Baada ya hisa za Safaricom kuuzwa kwa umma mwaka 2008, serikali ilibaki na asilimia 35, na kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa inapokea gawio kila mwaka. Juu ya hapo kuna ushuru: Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ule wa kredo na data kutoka asilimia 20 hadi 15, lakini ikapandisha ule wa ada za kutuma pesa kutoka 12 hadi 15. Sisemi kuna mtu amehongwa. Nasema refa ambaye analipwa kila mshambuliaji mmoja akifunga bao hatakuwa na haraka ya kupuliza filimbi.

Kwa sisi vijana hili jambo ni zaidi ya bob kumi za asubuhi. Mikopo midogo ambayo wengi tunaishi nayo, M-Shwari tangu 2012 na Fuliza tangu 2019, inapimwa kwa historia ya laini yako. Miaka kumi ya kuweka, kulipa, kukopa na kurudisha, yote inakaa kwenye mkoba mmoja. Ukihama, unafika mtandao mpya kama mtoto aliyezaliwa jana. Hakuna anayejua kwamba wewe ni mwaminifu. Kikomo cha mkopo ulichokijenga kwa jasho kinabaki huko nyuma. Hii ndiyo kamba ya kisasa, na inakazwa na tabia zetu nzuri: kadiri unavyolipa madeni vizuri, ndivyo unavyozidi kushindwa kuondoka.

Na kuna hatari nyingine ambayo hatuitaji kwa sauti. Nchi ikibeba mayai yake karibu yote kwenye kapu moja, siku mfumo mmoja ukikohoa, boda hawalipwi, duka la dawa linasimama, na mtu amekwama kituo cha mafuta na tangi limejazwa tayari. Hapo unagundua kwamba "kawaida" ni jina lingine la "hakuna mbadala".

Ninachotaka ni vitu vitatu, na vyote vinawezekana. Kwanza, wakala awe wakala. Mama akienda sokoni na pesa za mtandao wowote, azitoe hapo, kwa ada inayojulikana, kama vile noti ya benki yoyote inanunua sukari duka lolote. Wakala leo hafungwi na mkataba, anafungwa na hesabu: hawezi kugawa mtaji wake mdogo mara tatu, kwa hivyo anaweka floti palipo na wateja. Mfumo wa floti moja kwa mitandao yote unamaliza hilo. Pili, nikihama na namba yangu, salio langu lihame nami. Tatu, historia yangu ya malipo ni yangu. Nikitaka niibebe, nionyeshe mtandao mwingine au benki, bila kuomba ruhusa kwa ninayemwacha. Benki Kuu yenyewe ilizungumzia mifumo kuingiliana katika mkakati wake wa malipo wa 2022 hadi 2025. Muda wa kuzungumzia umetosha.

Na sisi pia tuna kazi. Tumegeuza mtandao kuwa kabila. Tunacheka namba ya mtu. Tunamwambia demu "nipe namba yako ya kweli" akisoma 073. Hakuna mdhibiti anayeweza kufungua mlango ambao sisi wenyewe tunaona aibu kupitia.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mama wa chapati. Nikalipa lile deni kwa ile ya kawaida, jina langu likafutwa daftarini, hata yule "wa kofia" alikuwa bado hajalipa. Kisha nikamwomba dakika moja. Nikamtumia mbao kutoka kwa laini ile nyingine, akiwa anaangalia. Simu yake ikalia. Akasoma, akasoma tena, akanitazama.

"Kumbe zinaingia?"

"Zinaingia, mama. Tangu 2018."

Akageuza chapati, akafikiria kidogo.

"Na mtu akinitumia kwa hiyo laini ingine, huyu wakala wa hapa kwa kona atanitolea?"

Nikamwambia huyu wa kona, bado.

"Sasa hiyo nayo ni ya nini?" akasema, akageukia mteja aliyefuata.